Somo la Chujio Lisiishie Penye Maji Maangavu

Hakuna somo la sayansi katika shule ya msingi lipendwalo na wanachuo kama somo la kuchuja maji. Vifaa vyake havina gharama: chupa iliyokatwa kitako, kipande cha kitambaa, changarawe, mchanga na mkaa. Mwalimu humimina maji ya tope juu, darasa hunyamaza, na baada ya dakika chache matone maangavu huanza kudondoka chini. Watoto hushangilia. Mkufunzi aketiye nyuma huandika maneno mazuri katika daftari lake. Kisha mwalimu huandika ubaoni kwamba udongo na mchanga husafisha maji, kengele hulia, na somo huwa limekwisha.

Nimelitazama somo hilo mara nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha, nami nina maoni kwamba, kwa jinsi tulifundishavyo, laacha vichwani mwa watoto kosa ambalo baadaye ni gumu kuling'oa. Siku moja, katika shule ya kijiji, msichana wa darasa la tano alinyosha mkono baada ya matone kuanza kuanguka, akauliza: "Mwalimu, kama mchanga husafisha maji, je, maji ya karo la choo yakishapita mchangani yanakuwa safi? Kisima chetu kiko karibu na karo." Mwanachuo aliyekuwa akifundisha, kijana hodari mwenye maandalio mazuri, alimjibu kwamba swali hilo halimo katika somo la siku ile, akamwambia aketi. Baada ya kipindi nilimwuliza kwa nini hakumjibu mtoto. Akasema kweli: "Sikujua jibu, Mwalimu."

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya swali la msichana yule. Jibu lake halimshindi mwanachuo yeyote aliyefika chuoni. Aidha, laweza kufundishwa kwa vifaa vilevile vya bure, na tena lina uzito, maana mtoto yule hakuuliza ili kumjaribu mwalimu. Aliuliza habari za maji ambayo nyumbani kwao huyanywa kila siku.

Kosa lililomo katika neno "safi"

Katika maji taka ya nyumbani mna mambo ya namna tatu, nayo yapasa kutenganishwa tangu mwanzo. Kwanza kuna chembe za uchafu zionekanazo kwa macho. Pili kuna vijidudu visivyoonekana, ambavyo huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Tatu kuna vitu vilivyoyeyuka majini, kama vile chumvi iyeyukavyo katika mchuzi. Chupa yetu ya darasani huzuia chembe za namna ya kwanza. Vijidudu huvipunguza kidogo tu, na kwa hiyo maji yake hayafai kunywewa. Ama vitu vilivyoyeyuka, vingi hupita kana kwamba hakuna kilichowekwa njiani.

Miongoni mwa vitu hivyo vilivyoyeyuka, kimoja chastahili kutajwa kwa jina hata katika shule ya msingi, nacho ni naitrojeni. Mwili wa mtu hula naitrojeni iliyomo katika maharage, samaki, nyama na nafaka, kisha huitoa, sehemu kubwa kabisa ikiwa ndani ya mkojo. Kutegemea chakula alacho, mtu mmoja hutoa kadiri ya kilo 2 hadi 5 za naitrojeni kwa mwaka. Basi nyumba ya watu sita hutoa kati ya kilo 12 na 30. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya yurea una naitrojeni ipatayo kilo 23. Maana yake ni kwamba kila nyumba, mwaka hata mwaka, humwaga chooni na bafuni naitrojeni ya nusu mfuko wa mbolea au hata zaidi ya mfuko mmoja, nayo yote hukabidhiwa udongo.

Udongo huifanya nini? Katika karo na katika shimo la choo, naitrojeni ya mkojo hugeuka kuwa amonia, ambayo kila mtu aijua kwa harufu yake kali. Maji yatokapo karoni na kupita katika udongo wenye hewa, bakteria waishio humo huigeuza amonia kuwa naitreti. Hapo harufu hupotea, na mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekamilika. Kumbe ndipo shida ianzapo. Naitreti haina rangi wala harufu. Tena udongo hauishiki: chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, na naitreti vilevile ina chaji hasi, kwa hiyo zasukumana badala ya kuvutana. Naitreti huenda kokote maji yaendako, na kama njia ya maji ni kuelekea kisimani, nayo hufika kisimani.

Ndiyo sababu naona kwamba umbali wa mita 30 baina ya choo na kisima, ambao hutajwa mara nyingi katika mafunzo ya afya, wapaswa kufundishwa pamoja na maelezo yake. Umbali huo wafaa kwa ajili ya vijidudu, ambavyo hunaswa na kufa njiani. Naitreti haifi, kwa kuwa haikuwa hai. Yaweza kusafiri mbali zaidi, hasa penye udongo wa kichanga, au penye mawe ya matumbawe yenye nyufa kama yale ya visiwani na mwambao wetu.

Kuna jambo jingine limshangazalo kila mwanachuo nimwelezaye. Tumewafundisha watoto kuchemsha maji, nasi tumefanya vema, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yapunguapo kwa mvuke, naitreti hubaki sufuriani, na kiasi chake katika kila kikombe huongezeka. Mama aliyetii kila neno la somo letu la afya, akachemsha maji kwa uaminifu, hakupata kinga yoyote dhidi ya kitu hiki.

Wapatao hatari zaidi ni watoto wachanga wa chini ya miezi sita wanaolishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Mwaka 1945 daktari aitwaye Hunter Comly, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, aliandika habari za watoto wachanga wa mashambani waliogeuka rangi ya buluu, ngozi na midomo, baada ya kulishwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye naitreti nyingi. Mwilini mwa mtoto naitreti hugeuka kuwa naitriti, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Hapa pana sababu nyingine ya kusifu maziwa ya mama: mtoto anyonyeshwaye bila kupewa maji hakutani na hatari hii.

Lugha yetu imekwisha kutupa mlango

Mwanachuo ataniuliza: nitamwelezaje mtoto wa miaka kumi na moja kitu kisicho na rangi wala harufu? Namjibu kwamba Kiswahili kimekwisha kumfungulia mlango. Wakulima wetu huiita mbolea ya dukani "mbolea ya chumvichumvi". Jina hilo ni sahihi kuliko tudhanivyo, kwa maana naitreti ni aina ya chumvi: yayeyuka majini, yapotea machoni, na hairudi mpaka maji yakauke. Mtoto aijuaye chumvi ya jikoni amekwisha kujua nusu ya somo.

Basi afanye hivi. Badala ya chujio moja, atengeneze mawili yaliyo sawa. Mchanga wa yote mawili uoshwe mara nyingi kwa maji safi, na kama ni mchanga wa ufukoni uoshwe zaidi, la sivyo chumvi ya bahari itaharibu jaribio. Achukue maji ya tope ya namna moja, ayagawe katika ndoo mbili. Katika ndoo ya pili atie vijiko kadhaa vya chumvi ya jikoni na kukoroga mpaka iyeyuke. Watoto wamimine maji ya kila ndoo katika chujio lake, wakiyaacha matone ya mwanzo yamwagike, kwa kuwa hayo huwa yamechanganyika na maji yaliyobaki mchangani. Kisha wakinge maji katika vikombe viwili.

Hapo mwalimu asiseme neno. Aulize: "Maji yapi ni safi zaidi?" Watoto watatazama, watanusa, watabishana. Wasionje; sheria hii isivunjwe hata kwa mzaha, kwani tope limetoka shimoni. Baada ya mabishano, kijiko kimoja cha kila kikombe kimwagwe juu ya kifuniko safi cha kopo na kuanikwa juani. Maji yakisha kukauka, kifuniko kimoja kitakuwa na uchafu kidogo sana au hakitakuwa na kitu. Cha pili kitakuwa na utando mweupe wa chumvi. Hakuna maelezo ya ubaoni yawezayo kushinda utando ule. Darasa litakuwa limeona kwa macho kwamba maji maangavu yaweza kubeba kitu, na kwamba mchanga haukukizuia.

Udongo ni nyumba ya wafanyakazi

Iwapo tungeishia hapo, tungewaacha watoto na hofu bila maarifa. Udongo si mdhaifu. Kazi yake ndiyo tuliyoielewa vibaya. Tumeufundisha kama kichujio cha chai, ilhali huo ni nyumba ya viumbe wafanyao kazi.

Historia yenyewe yatupa somo zuri. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, waliujaza mrija wa kioo mchanga uliochanganywa na chokaa ya mawe iliyosagwa, wakapitisha maji taka polepole humo. Kwa muda wa siku 20 amonia ilitoka chini kama ilivyoingia juu. Baadaye naitreti ilianza kuonekana, ikazidi siku hata siku, mpaka amonia ikatoweka. Wakatia mvuke wa klorofomu, dawa ambayo hulemaza viumbe hai, na kazi ile ikakoma. Walipoiondoa dawa na kutia maji kidogo yaliyooshea udongo wa kawaida, kazi ikaanza tena. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba naitreti haifanywi na mchanga wenyewe, bali na viumbe hai waliomo.

Namwomba kila mwanachuo azitafakari siku 20 zile. Watu wale wangekata tamaa siku ya kumi, wangeandika kwamba mchanga haufanyi kitu. Sisi nasi huwapa watoto dakika 40, tukatoa hukumu juu ya udongo kabla hao wafanyakazi wake hawajaamka.

Amonia ikisha kuwa naitreti, kuna kundi la pili la bakteria liwezalo kumaliza kazi. Hawa, wakikosa hewa, huchukua oksijeni iliyomo katika naitreti na kuivuta badala ya hewa. Naitrojeni iliyobaki hutoka kama gesi na kurudi angani, ambako ndiko kwenye nyingi kuliko kokote: asilimia 78 ya hewa tuvutayo ni naitrojeni. Lakini kundi hili lina masharti mawili. Lahitaji mahali pasipo na hewa, palipojaa maji, na lahitaji chakula chenye kaboni, kwa mfano unga wa mbao.

Kutokana na maarifa hayo yamejengwa machujio ya udongo kwa ajili ya nyumba za mashambani zisizo na bomba la maji taka la mji. Huko Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, udongo ni wa kichanga na nyumba nyingi hutumia makaro. Naitrojeni yake imekuwa ikipenya ardhini hadi kwenye ghuba, ambako huotesha miani mingi na kuua nyasi za baharini. Mwaka 2023 jimbo hilo lilibadili kanuni zake ili kulazimisha kupunguzwa kwa naitrojeni hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyojaribiwa huko ni chujio la matabaka mawili yenye unene wa karibu nusu mita kila moja: juu mchanga mtupu, na chini mchanga uliochanganywa na unga wa mbao. Maji ya karo hunyunyizwa juu kidogo kidogo, kwa vipindi, ili hewa ipate nafasi ya kuingia kati. Katika tabaka la juu amonia hugeuka naitreti. Katika tabaka la chini, naitreti hugeuka gesi. Nchini Japani nako watafiti wamejenga chujio ambalo ndani yake matofali ya udongo, yaliyochanganywa na mkaa, vumbi la mbao na vipande vya chuma, hupangwa kama ukuta, na baina yake hutiwa kokoto za mawe yapitishayo maji upesi. Katika kokoto mna hewa; ndani ya matofali hamna. Kanuni ni ileile.

Mchezo wa maharage

Mambo hayo hayawezi kuonyeshwa kwa chupa darasani, wala namkataza mwanachuo asilete maji taka ya kweli mbele ya watoto kwa sababu yoyote. Lakini yaweza kuchezwa uwanjani, nami nimeona mchezo huu ukieleweka kwa darasa la tano bila shida.

Watoto kumi wasimame mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wafanyakazi wa tabaka lenye hewa. Kila mmoja apewe maharage mengi, na kila harage ni oksijeni. Mstari wa pili ni wafanyakazi wa tabaka lisilo na hewa. Hawa mikono yao ni mitupu, nao wana kiu ya oksijeni. Watoto wengine ndio naitrojeni itokayo karoni. Apitapo mtoto wa naitrojeni katika mstari wa kwanza, hupewa maharage matatu: amekuwa naitreti. Afikapo mstari wa pili, hunyang'anywa yote matatu. Ndipo aliyenyang'anywa amshike mkono mwenzake aliyenyang'anywa vilevile, watoke wawili wawili kupitia upande ulioandikwa "angani", kwa kuwa gesi ya naitrojeni huenda mbili mbili. Atakayevuka na maharage mkononi huelekea upande ulioandikwa "kisima".

Wakisha kuuzoea mchezo, mwalimu abadilishe mpangilio: mstari usio na hewa uwe wa kwanza. Naitrojeni watapita hapo mikono mitupu, pasipo cha kunyang'anywa. Kisha watapewa maharage matatu mwishoni, na wote wataishia kisimani. Watoto wataona wenyewe kwamba vitu vilevile, vikipangwa kinyume, havifai kitu. Mara ya tatu, mwalimu aseme kwamba unga wa mbao umekwisha, wafanyakazi wa mstari wa pili hawana chakula, na wakae chini. Tena wote wataishia kisimani. Kwa mizunguko mitatu darasa limejifunza mpangilio, hewa na chakula, ambayo ndiyo mambo makuu anayoyafikiria fundi wa machujio hayo.

Pingamizi tatu

Najua kwamba wako wakufunzi wasiokubaliana nami, nao wana hoja.

Wa kwanza husema kwamba vijidudu vyaua watoto wengi zaidi kuliko naitreti, na kwamba kumwambia mzazi kuwa kuchemsha hakuondoi naitreti kutamfanya aache kuchemsha. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, nami sitaki ipuuzwe. Vijidudu vitangulie daima. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kufundisha kikamilifu: kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu, na kuteua mahali pa kisima na choo ni kwa ajili ya vyote viwili. Watu wetu si wazito wa kuelewa kiasi hicho. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana habari za magonjwa, na vyoo vingi vilichimbwa kwa mikono yao. Watu waliofahamu kwa nini choo kichimbwe wataweza kufahamu kinachotoka chini ya choo.

Wa pili husema kwamba muhtasari umejaa. Sikuongeza mada. Naomba vipindi vitatu mahali pa kimoja: cha kwanza kwa chujio na utando wa chumvi, cha pili kwa mchezo wa maharage, na cha tatu kwa kutembea nje na kutazama. Mada moja iliyofika mwisho yafaa kuliko mada tatu zilizokatizwa na kengele.

Wa tatu, ambaye hoja yake naiheshimu kuliko zote, huuliza: kwa nini tuitupe naitrojeni angani, ilhali mashamba yetu yana njaa nayo? Hapa nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Penye nafasi, penye migomba nyuma ya bafu na visima vikiwa mbali, mgomba ndio chujio bora: huivuta naitreti kwa mizizi na kutulipa kwa ndizi. Bibi zetu walipoelekeza maji ya bafu kwenye migomba hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Shule iliyolelewa katika fikra ya Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967 haifai kuwafundisha watoto kudharau mbolea. Lakini nyumba zikisongamana, viwanja vikiwa vidogo, na kila ua ukiwa na karo na kisima chake, migomba miwili haiwezi kunywa maji ya familia nne. Hapo ndipo tabaka la mchanga na tabaka la unga wa mbao hupata maana. Nataka mtoto ajue njia zote mbili, na ajue kuuliza ipi yafaa mahali pake. Kwa maoni yangu swali hilo ni zito kuliko majibu yote mawili.

Katika kipindi cha tatu

Mwisho, neno juu ya kutoka nje. Watoto wakichora ramani ya visima, vyoo na mteremko wa ardhi, wataona mambo ambayo wazazi wao huenda hawapendi yasemwe. Mwanachuo asilikimbilie jambo hili kabla ya kumwona mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kitongoji na bwana afya. Kisima cha mtu kisitajwe darasani kuwa kibaya. Naitreti haijulikani kwa kutazama, na mwalimu aliyekwisha kufundisha kwamba macho hayatoshi hawezi tena kuhukumu kisima kwa macho. Panapo mashaka, maji yapelekwe yakapimwe maabara, au yapimwe kwa karatasi maalumu ambazo hubadilika rangi zikichovywa, na matokeo yatolewe kwa mwenye kisima kwa staha, faraghani. Jirani aliyeaibishwa na watoto wa shule hatahamisha karo lake. Atawakataza watoto kupita uani kwake.

Narudi kwa msichana wa darasa la tano. Kama angeuliza leo, jibu ningetaka awe amelipata kwa maneno yake mwenyewe: kwamba mchanga huzuia uchafu uonekanao, kwamba umbali na moto huvishinda vijidudu, na kwamba kuna chumvi itokayo chooni ambayo haizuiliwi na mchanga wala moto, bali hunywewa na mizizi au humalizwa na viumbe wa udongo waliopangiwa hewa kwanza na giza la maji baadaye. Jibu hilo halizidi sentensi moja, lakini lastahili vipindi vitatu.

Mwanachuo aliyemketisha simlaumu. Alifanya kama alivyofundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Ila namwomba yeye na wenzake jambo moja. Siku mtoto atakapouliza lile ambalo halimo katika maandalio yako, nawe hulijui, usimwambie aketi. Liandike swali lake pembeni mwa ubao, utaje siku utakayolijibu, kisha uende ukatafute. Swali lililoachwa ubaoni bado lafundisha, ilhali lililoketishwa hurudi nyumbani pamoja na mtoto, likanywa maji yaleyale.